Kuutafuta Ukoo wa Folan Katika Nyika ya Minnesota

Kiprono wa duka la vyuma alisema sitafika. Alisema nikifika nitarudishwa, na nisiporudishwa nitaishia kuogesha wazee wa Kizungu, na katika kazi hiyo hakuna mtu atakayeniuliza nina maoni gani juu ya jambo lolote. "Diploma yako utaifungia sabuni," aliniambia mbele ya watu, na watu wakacheka. Baadhi ya waliocheka ni nyinyi mnaosoma hapa. Sina kinyongo.

Nilifika. Wazee niliwaogesha kweli, na niliwaogesha vizuri. Lakini pia nilifanya jambo ambalo watoto wa nchi ile walikuwa wameshindwa kulifanya: nilitafuta chimbuko la familia moja ya Waairishi, nikalifuata hadi kwenye kaburi lenyewe, nikiwa sina ila akili yangu na mila za kwetu. Mnaniuliza kila jioni ilikuwaje. Nimeamua kuandika ili nisirudie.

Nakuru hadi Columbia Heights

Habari za viza na tiketi nazipita, hazina utamu. Ulaya ndege yetu iliharibika, tukalazwa kwenye viti vya uwanja siku nzima. Niliagiza chai, nikaletewa kikombe cha maji moto na kijipakiti cha majani kikining'inia kwenye uzi. Nikangoja maziwa hadi maji yakapoa. Mama mmoja wa Kighana aliyekaa karibu nami alinihurumia, akanimegea mkate wake wenye samaki. "Kula, mwanangu," alisema, "huko unakoenda hawapiki, wanapasha moto."

Nilitua Minneapolis mwezi wa Oktoba nikiwa katika suti yangu ya kijivu, ile ya mahafali. Binamu yangu Wambui, ambaye ni nesi, alikuja kunipokea. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Kariuki, hiyo suti ni ya harusi ya nani?"

"Ni suti ya mtu mwenye diploma."

"Baridi ya huku haisomi cheti. Vaa hii." Akanirushia koti la mumewe, Njoroge, ambaye ni mrefu kama nguzo ya stima. Likanifika karibu na vifundo vya miguu. Nilikuwa nimeliazima kwa wiki moja, nikalivaa msimu mzima.

Walikaa Columbia Heights, katika jengo la ghorofa karibu na kituo cha basi. Nilimsalimu binti yao kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, na kila mtu akaona ni sawa. Usiku huo nilikula chapati za Wambui nikajiambia: Kiprono, nimefika.

Nyumba ya Mzee Martin, Saint Louis Park

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kumwangalia Mzee Martin Folan, dereva wa basi mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na kitu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Akitoka chumbani hadi jikoni alilazimika kushika ukuta na kupumua. Binti yake, Colleen, alinipokea mlangoni bila kunikaribisha kiti.

"Dawa, chakula, bafu," alisema. "Mengine niachie mimi."

Siku mbili Mzee hakusema kitu. Siku ya tatu, nikimkatia mkate, nilimuuliza swali ambalo kwetu mtu yeyote mwenye adabu humuuliza mzee anayetaka kumfahamu: "Mzee, baba yako amezikwa wapi?"

Colleen alikuwa mlangoni. Uso ulimbadilika. Alinivuta hadi sebuleni. "Baba yangu ni mgonjwa, na wewe unamzungumzia makaburi? Nampigia simu mkubwa wako sasa hivi."

Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu huwezi kumjua mtu kama hujui wazazi wake wamelala wapi, kwa sababu hapo ndipo shamba lilipo, na palipo na shamba ndipo penye ukoo. Hakuelewa. Tayari alikuwa ameshika simu. Ndipo sauti ikatoka jikoni:

"Colleen! Weka hiyo simu. Tangu mama yako afe, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana."

Hivyo ndivyo nilivyoponea, na hivyo ndivyo nilivyoyasikia yote. Babu wa baba yake, Coleman Folan, alitoka Connemara, magharibi ya Ireland, ambako ardhi ni mawe na njaa. Alikuja na mkewe Mary, watoto wao, na mama yake mzazi aliyekuwa mkongwe. Walipewa shamba katika nyika tambarare ya magharibi ya Minnesota, pamoja na maskini wenzao wengi. Baridi ya kwanza iliwakuta katika kibanda cha mbao ambacho upepo ulikipita kama chandarua. Yule bibi mkongwe akafa. Baadaye Coleman aliliacha shamba, akahamia Saint Paul na watoto, kwenye vibanda vya bondeni kando ya reli, akawa kibarua. Bibi akabaki nyikani peke yake.

"Yeye ndiye Folan wa kwanza kulala katika udongo wa nchi hii," Mzee Martin aliniambia. "Hakuna aliyewahi kulala karibu naye. Mke wangu yuko na wazazi wake, kwao Iowa, alitaka hivyo. Mimi nataka kulazwa kando ya bibi huyu."

"Basi ulazwe, Mzee. Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa jina. Katika makaburi yale ya nyikani kuna misalaba miwili ya chuma ya vikongwe waliokufa baridi ile, na fundi alipiga majina ya ubatizo tu. Mmoja unasema Bridget. Wa pili unasema Honor. Mmoja wao ni mama yake Coleman, na mwingine si ndugu yao. Nyumbani kwa kina Folan yule bibi aliitwa Mamó, maana yake nyanya, na nani humtaja nyanya yake kwa jina? Waliomjua walikufa na jina lake.

Colleen alisema waziwazi: "Siwezi kumlaza baba kando ya mtu baki kwa kubahatisha. Kule wanachimba makaburi kabla ardhi haijaganda, wanayafunika kwa mbao na nyasi kavu. Ikiganda, basi. Daktari amesema hafiki majira ya kuchipua. Kama hatujajua kabla ya barafu, atazikwa hapa mjini, na mjadala umekwisha."

Mzee Martin alitazama mikono yake. Nilimwambia, mbele ya binti yake, "Mzee, mimi nitakutafutia jina hilo."

Colleen akacheka puani. Nilikuwa nimeshawahi kusikia kicheko kile, Nakuru.

Saint Paul, bondeni kwenye reli

Nilihitaji gari lenye nafasi ya kiti cha magurudumu. Njoroge alinipeleka kwa jirani yake, Pasta Ezekieli, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa na gari la viti saba la kubebea kwaya. Pasta alilizunguka gari lile polepole kama mtu anayeaga.

"Ndugu Kariuki, motokari ni ya Mungu. Lakini frein, ile breki, ni yako. Ikanyage polepole sana. Barabara ya huku inateleza kama sabuni."

"Mimi ni dereva, Pasta."

"Wote wanasemaka hivyo."

Nilimchukua Mzee hadi Saint Paul aone tena mahali ambapo vibanda vya ukoo wake vilikuwa. Hakuna kibanda hata kimoja leo. Kuna majani, reli, na daraja kubwa la magari juu. Treni ya mizigo ilipita ikatungojesha hadi nikasahau tulichokuwa tunazungumza. Mzee alinionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na kisima, pale babu yake Patrick, mwana wa Coleman, alianguka utotoni akavunja mkono.

Tukala ndani ya gari, hita ikiwaka. Nilikuwa nimebeba mukimo. Majani ya malenge sikuyapata, kwa hiyo nilikuwa nimeponda viazi na sukuma wiki, nikatia siagi kwa wingi. Mzee alitia kijiko kinywani, akatulia. Nikadhani kimemkwama. Nikashika mkono wake.

"Nani amekufundisha chakula cha bibi yangu?" aliuliza.

"Bibi yangu mimi."

Alikula yote. Alisema kwao walikipika hivyohivyo, viazi na majani na siagi, na shimo katikati ya kuitilia siagi. Hapo kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Watu wa viazi. Watu waliogombania ardhi na Mwingereza. Watu wanaomwita nyanya kwa cheo chake tu. Nikamuuliza, "Mzee, babu yako na ndugu zake walipewaje majina?"

"Mkubwa aliitwa Michael, jina la baba yake Coleman. Wa pili ni babu yangu, Patrick. Hilo ni jina la baba yake Mary."

Nusura nipige honi. Wale ambao si Wakikuyu niwaeleze: kwetu kijana wa kwanza huitwa kwa baba ya baba, wa pili kwa baba ya mama. Hakuna mjadala. Mimi ni Kariuki kwa sababu babu yangu alikuwa Kariuki. Na hawa watu wa Connemara, ng'ambo ya dunia, walikuwa na mila hiyohiyo!

"Na mabinti?"

"Wawili. Bridget, kisha Nora."

"Nora si ndilo Honor kwa kifupi?"

"Ndilo."

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Binti wa kwanza wa Coleman ni Bridget. Kwa hiyo mama yake Coleman ni Bridget. Nilimwambia Mzee Martin hivyo, nikampangia majina kwenye vidole vyake mwenyewe, na mzee yule alianza kulia huku anacheka. "Bridget," alisema. "Bridget Folan. Habari yako, bibi." Nyumbani Colleen aliniuliza maswali mengi, akayarudia, akijaribu kuniangusha. Hakuweza. Mwishowe alisema, "Sikuwahi kufikiria hilo." Nakiri nililala vizuri sana usiku huo.

Kwenda magharibi

Baridi haikungoja. Wiki ile ile redio ilisema hewa kali inashuka kutoka Kanada. Watunzaji wa makaburi wakampigia Colleen: mchimbaji, mtu mmoja aitwaye Walt, angeleta mashine Jumatatu, na kuanzia hapo asingechimba tena. Mzee akasema lazima aende Jumamosi aone mahali pake kwa macho. Daktari alisema safari itamdhuru. Mzee alimwambia daktari kwamba kukaa kunamdhuru pia.

Tukaenda. Nilimfunga kwa mablanketi nyuma, Colleen akakaa mbele kando yangu, mikono imekunjwa. Nyumba zilipokwisha, hapakuwa na kitu. Nyinyi mnaujua uwanda wa Naivasha? Ule una milima pembeni. Huu hauna pembeni. Upepo ulisukuma theluji nyembamba juu ya lami kama unga unaomwagika, na gari la Pasta likawa linatikisa kichwa.

Mara Mzee alianza kukohoa, Colleen akageuka ghafla nyuma, nami nikageuka kumtazama. Gari likateleza. Nilikanyaga breki kama Mnakuru, kwa mguu mzima. Tukazunguka, tukaingia mtaroni, pua ikitazama tulikotoka.

"Baba?"

"Nipo," alisema Mzee. "Nimeendesha basi miaka yote na sijawahi kuona kona kama hiyo."

Tulikaa pale na injini ikiunguruma, hita ikishindana na upepo. Kila Mzee alipovuta pumzi tulisikia firimbi kifuani. Colleen alinigeukia. "Akifia hapa," aliniambia kwa sauti ya chini, "akifia mtaroni kwa sababu yako..." Nikatoka nje na koti la Njoroge, nikasimama barabarani nikipunga mikono. Magari mawili yalipita. La tatu lilikuwa pikapu, na mwenyewe, mzee mwenye ndevu, hakuuliza hata tunaitwa nani. Alifunga mnyororo, akatuvuta, akasema, "Hii bado si baridi," akaondoka. Sikupata hata kumshukuru vizuri.

Makaburi yalikuwa kando ya kanisa dogo la matofali. Walt alikuwapo, ameshika kigingi chenye kitambaa chekundu. Msalaba wa Bridget ulikuwa kwenye ukingo wa mashariki. Ule wa Honor ulikuwa hatua kadhaa kutoka hapo, umeinama. Tulisukuma kiti hadi kwa Bridget. Mzee alivua kofia katika upepo ule, Colleen akamrudishia, akaivua tena. Alizungumza na bibi huyo maneno ya lugha yao ya zamani, machache aliyoyabakisha. Kisha akatoa mfukoni rozari ya mama yake, akaitundika kwenye mkono wa msalaba. Walt akapiga kigingi kando yake.

Ukumbi wa chini ya kanisa

Walitukaribisha ukumbini tupate moto. Akina mama wa kanisa walikuwa wametandika meza: mikate ya nyama ya nguruwe, viazi vilivyookwa na jibini, biskuti za mraba, na kahawa nyepesi ambayo ungeweza kuona sarafu chini ya kikombe. Mzee Martin alisinzia karibu na jiko. Colleen alikuwa amekaa naye, na kwa mara ya kwanza niliona mabega yake yameshuka.

Mimi nilikaa na Agnes, bibi mfupi mwenye miwani, ambaye ndiye aliyetunza makaburi. "Watu wamekuja hapa miaka na miaka wakiuliza misalaba ile," alisema. "Wewe umejuaje?"

Nani hataki kuulizwa swali kama hilo? Nilimweleza yote, bila haraka. Michael, Patrick. Bridget, Nora. Baba ya baba, baba ya mama. Mama ya baba, mama ya mama. Nilimwambia na habari ya diploma.

Agnes aliacha kukoroga kahawa. "Wavulana, sawa kabisa," alisema. "Lakini nani amekwambia habari ya wasichana?"

"Ni mila."

"Ya nani? Mimi ni binti wa kwanza kwetu. Ni Agnes kwa sababu mama ya mama yangu alikuwa Agnes. Binti wa kwanza ni wa upande wa mama, kijana. Wa pili ndiye wa mama ya baba. Margaret, ni kweli?"

"Ni kweli," alijibu mama wa meza ya pili bila kugeuka. "Nani atampa mama mkwe binti wake wa kwanza?"

Wakacheka wote. Mimi nilirudisha mkate sahanini. Kama ni hivyo, Bridget alikuwa mama yake Mary, aliyebaki Ireland. Na mama yake Coleman, yule bibi wa nyikani, alikuwa Honor. Bridget wa ukingo wa mashariki alikuwa mtu baki, na kigingi chekundu kilikuwa kimesimama kando yake.

Agnes alinisoma usoni. Akasogeza kiti. "Utamwambia wewe," alinong'ona, "au nimwambie mimi?"

Ndugu zangu, katika safari yote ile hapakuwa na umbali mrefu kama ule wa kutoka meza yetu hadi kwenye jiko. Ningeweza kunyamaza. Mzee alikuwa amelala akitabasamu. Angekufa na furaha yake. Lakini kwetu maiti halazwi katika shamba la watu wengine akaambiwa ni kwao.

Nilipiga goti kando ya kiti chake, nikamwamsha. "Mzee, shangazi zako, dada za baba yako. Mkubwa aliitwa nani?"

"Kate."

"Kwa jina la nani?"

"La mama yake bibi yangu. Kate mkubwa, aliyekuwa na nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa reli." Alikunja uso. "Kwa nini?"

"Na wa pili?"

"Mary. Jina la..." Alikuwa dereva, si mwalimu, lakini hesabu ile aliimaliza kabla yangu. Mary alikuwa mkewe Coleman, mama ya babu yake Patrick. Mama ya mama kwanza, mama ya baba pili. Katika nyumba yake mwenyewe.

"Nimekosea, Mzee," nilisema. "Nimekupeleka kwa mtu mwingine."

Colleen alisimama, kiti kikaanguka. "Umefanya nini? Tumemburura hapa, karibu afe njiani, amelia juu ya kaburi la... Nani alikutuma uingilie familia ya watu?"

"Colleen," alisema Mzee.

"Hapana, Baba! Huyu hajui kitu!"

"Angenyamaza, wewe ungejuaje?" Firimbi ya kifua chake ilijaza ukumbi. "Mimi ningejuaje? Niinueni. Walt hajaondoka."

Theluji ilikuwa imeanza kushuka kwa dhati. Walt alikuwa anawasha gari lake. Agnes alimkimbilia bila koti, akigonga kioo kwa kijiko cha kahawa ambacho alikuwa bado amekishika. Walt aling'oa kigingi kutoka kwa Bridget, akakipiga kando ya Honor. Mzee Martin aliweka kiganja juu ya chuma kilichoinama. Safari hii hakulia. Alisema, "Samahani, bibi, nimechelewa kidogo."

Nilikwenda kwa Bridget kuchukua ile rozari nimletee. Aliniona.

"Iache."

"Ni ya mama yako, Mzee."

"Nimeshampa. Huwezi kumpa mwanamke zawadi kisha ukampokonya kwa sababu umegundua si ndugu yako."

Kurudi mjini

Agnes alitupatia blanketi mbili nzito za sufu na koleo la theluji. "Za kuazima," alisema, "mtarudisha." Giza la huko huingia mapema, na kwa saa moja nzima sikuona barabara. Nilifuata taa za njano za lori linalosukuma theluji, na lori lilipogeuka kwenda kwao nikabaki peke yangu na mistari ambayo sikuiona. Nilikanyaga breki kama Mkongomani. Colleen alikuwa nyuma, amemkumbatia baba yake, akihesabu pumzi zake kwa midomo bila sauti.

Alipokuwa anashuka, Colleen aliniambia, "Jumatatu uje saa moja. Dawa, chakula, bafu." Kisha akaongeza, "Na kile chakula cha viazi."

Mzee Martin alifariki kabla ya Krismasi, kitandani pake, asubuhi, nikimnyoa. Kaburi lilikuwa tayari chini ya mbao na nyasi. Walimlaza kando ya Honor, na kama upepo wa siku ile ungeniruhusu, ningewaambia mengi niliyoyafikiri.

Safari ya kurudisha

Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kikavu. Theluji ilipoyeyuka nilitenga siku moja ya kurudisha kila nilichoazimwa, ili nisiwe na deni na mtu yeyote katika nchi ile.

Asubuhi nilimpelekea Njoroge koti lake, limefuliwa, na mfukoni nimetia glavu mpya za ngozi. Mimi nilikuwa nimeshajinunulia langu, linalonitosha. Pasta Ezekieli gari alikuwa amelipata zamani, lakini mbonyeo wa mlangoni, ule wa mtaroni, ulikuwa bado. Siku hiyo nililipeleka kwa fundi wa Fridley, likanyooshwa. Pasta alipitisha kiganja mlangoni.

"Hata alama haipo. Na frein?"

"Polepole sana, Pasta."

"Sasa uko dereva."

Mchana Colleen alinipeleka magharibi kwa gari lake, kwa sababu jiwe la baba yake lilikuwa linasimikwa. Nyika ilikuwa ya kijani hadi mbinguni. Nilimrudishia Agnes blanketi zake na koleo, na ndani ya blanketi nilifunga majani ya chai ya Kericho, nikamwonyesha jinsi ya kuyachemsha na maziwa. Alionja, akasema inafanana na mchuzi, akaongeza kikombe.

Jiwe la Mzee lilikuwa zuri, jina lake na la Honor Folan pamoja. Colleen alilitazama sana. Kisha akaona Walt anashusha jiwe la pili, dogo, kutoka kwenye gari.

"Hilo ni la nani?"

"Ni langu," nilisema. "Yaani nimelilipia mimi."

Nilimwambia Walt alipeleke ukingo wa mashariki. Rozari ilikuwa bado imening'inia kwenye msalaba, imepauka kwa baridi. Bibi yule nilimchukua bila ruhusa, nikampa mjukuu, nikamnyang'anya siku hiyohiyo. Kati ya wote walioniazima kitu, yeye peke yake hakuwa na mtu wa kumdai kwa niaba yake.

Fundi wa mawe aliponiuliza aandike nini chini ya jina, kwa kuwa hakuna ukoo unaojulikana, nilikuwa na jibu tayari. Agnes aliinama, akalisoma kwa sauti, herufi zikiwa bado na vumbi jeupe:

*Bridget. Jirani ya Honor.*

Colleen alikwenda hadi kwenye ile ndoo ya maua aliyomletea baba yake, akayagawa nusu kwa nusu.